Kuku Aliyenitangulia Kalenga

Gwamaka, mjukuu wangu, mume wangu,

Hivi miguu yako imeoza? Tangu mahindi yavunwe hujakanyaga kwangu, na baiskeli unayo! Mimi na mgongo huu nimefika Kalenga, kumwona dada yako aliyejifungua.

Nilimbebea kuku wa supu. Kwenye mlima jua likamlegeza, kichwa kikaning'inia. Nikasema, leo naingia kwa wakwe na mzoga! Mara wakaja Wazungu na baiskeli, wanakwenda makumbusho ya huko Kalenga, makalio juu kama bata wanaotafuta chakula majini. Nikasimama katikati ya barabara.

"Keria ziko wapi? Wake zenu mnawabeba wapi?"

Binti wa kwetu anayewaongoza akacheka. "Hizi hazina keria, bibi."

Lakini shati lake lilikuwa na mfuko mgongoni. Nikamtumbukiza kuku humo, kichwa nje. "Kimbia, mwanangu! Ulizia nyumba ya mzazi!"

Nilipofika, kuku anakunywa maji uani, binti wa baiskeli amempakata mtoto. Wakwe wakasema, "Mjukuu wako huyu ana upendo!" Nikaitikia, "Sana!" Niwaambie wangu wa kweli yuko kwake amelala?

Nakupenda hivyo hivyo, mvivu wewe. Ukija, funga keria kwenye hiyo baiskeli yako. Mimi siingii mfukoni.

Bibi yako