Shingo Ni Yangu

Budai, baada ya sikukuu ya keki za mwezi

Kwa mwanangu Bunhiong,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe na mkeo hamjambo, na kile kikohozi chako kimekwisha. Kama hakijaisha ni kwa sababu huvai fulana ya ndani, na usibishe. Mimi mdomo wangu mzima, kama utakavyoona. Mkono unaoandika ni wa jirani yetu Bi Tshui, maneno ni yangu. Nimemkataza kuyalainisha.

Uliposema kwenye simu kwamba Jumapili unakuja kunichukua nikaishi kwako Taipei, ghorofa ya tisa, kwa kuwa natembea kama bata mlevi na huo ni uzee tu, nilinyamaza. Usidhani nilikubali. Nilikuwa natafuta tusi la kukutosha. Ukaongeza kwamba binti yako Weizhen aache masomo ya tiba ya viungo, eti hukumlea aje kukandakanda miguu ya wazee. Miguu hiyo ya wazee ndiyo yangu, Bunhiong. Ilikubeba mgongoni mpaka ukakaribia kuota ndevu.

Sasa sikiliza. Weizhen na wenzake wanadurusu kwangu kila Jumamosi, maana mtihani wa taifa umekaribia na bwenini kuna kelele. Wananilaza mkekani, wananichora misuli kwa wanja, wanataja majina marefu kama treni. Anayekosea namcheleweshea uji wa viazi vitamu. Halafu mimi naigiza mgonjwa, nao wanatafuta ugonjwa: naburuza mguu, napindisha mdomo. Kaiting, rafiki yake mwenye sauti kama spika ya hekalu, husema ningefaa kwenye tamthilia za jioni.

Jumamosi moja walikuwa wanapitia mishipa ya fahamu. Kaiting akanikwaruza unyayo kwa kijiti cha kulia wali, kuanzia kisigino kwenda juu. Mtu mzima mwenye afya, vidole hujikunja chini. Kidole gumba changu kikanyooka juu kama mtoto anayejua jibu. Wakacheka wote. Weizhen akasema, "Bibi, acha kuigiza, hapa tunapima kweli."

Nikamwambia, "Siigizi."

Akakwaruza mwenyewe, na mguu wa pili pia. Hakucheka tena. Akaniuliza taratibu kama mikono yangu inafanya kazi sawasawa. Hapo nikabanwa. Tangu wakati wa baridi nimekuwa nikiangusha kisu cha kupasulia chaza, na watu nilikuwa nawaambia chaza wa siku hizi wanateleza. Wasichana wakatazamana. Kaiting akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Kidole hicho mtu hawezi kukiigiza, Bibi. Twende hospitali."

Daktari akanipiga picha akaona mifupa ya shingo inabana mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo. Si uzee tu. Ikiachwa, miguu itakufa, kisha mikono. Nikipasuliwa, huenda nikapata nafuu, huenda nikabaki hivi hivi, huenda nisiamke. Nikaenda kwa mungu wetu Mazu, nikarusha vipande vya mti kumwuliza kama nipasuliwe, akakubali. Angekataa ningerusha tena mpaka achoke.

Najua utakachosema: mama wa miaka sabini na minane hakatwi shingo, na mwenye kuamua ni mtoto wa kiume. Ndiyo maana sikukupigia simu. Nimechagua posta makusudi, kwa kuwa ukiwa na barua mkononi huna wa kubishana naye. Utakapoisoma hii, nitakuwa nimekwisha kupasuliwa. Daktari aliniuliza mimi, na aliyejibu ni mimi.

Jumapili njoo, lakini usije na gari la kuhamishia vitu. Ukinikuta macho, binti yako atakuwa ananifundisha kusimama, nawe utakaa kwenye kiti, kimya, umtazame akifanya kazi yake. Nisipoamka, usithubutu kumlaumu. Yeye alikiona kile ulichokiita uzee. Na mtihani ataufanya, hata ukiangukia siku ya mazishi yangu. Nimeshamwapisha, na wewe ndiye utakayempeleka.

Mkeo mpe salamu zangu, na umwambie asinitumie tena zile dawa za mizizi, ni chungu na paka amezikataa. Bi Tshui anakusalimu pia, ingawa anaandika huku analia na kunilowanishia karatasi.

Ni mimi mama yako, nisiyehama,
Khim