Giza la Nyumba Yako Halitoki

Nnalongo wangu,

Wanataka kufunga taa za umeme ndani ya nyumba ya kaburi uliyoitunza. Nimekataa. Nakuambia mwenyewe ili usisikie kwa mtu mwingine huko uliko.

Tangu tukuzike, miezi minne sasa, nyasi za mchaichai sakafuni natandika mimi. Tumeletewa msimamizi mpya, msomi. Anasema wageni wanalalamika: paa liko chini mno, ndani hawaoni kitu, picha hazitoki. Anataka ukingo wa paa ukatwe waingie wima, na mchaichai utolewe, liwekwe zulia la plastiki. Plastiki, Nnalongo.

Watu wanacheka kwamba mtoto wa askari wa kaskazini, wala si Mganda, aliyetoka kambi ya jeshi ya Mbuya baada ya vita kutafuta kazi yoyote, ndiye anayepigania kaburi la mfalme wa Waganda. Wacheke. Siku ya kwanza ya kazi niliingia kifua mbele kama baba kwenye gwaride, nikagonga paji la uso kwenye matete ya paa. Ulicheka hadi ukakaa chini. "Hii nyumba inataka umusalimie kwanza," ukasema. Nilipoanza kuuliza maswali ukanizuia: "Ngoja macho yako ifike."

Nikakaa, miguu upande kama wewe. Ikaja harufu ya mchaichai, halafu ubaridi, halafu nguzo moja moja, mwisho mikuki na lile pazia la gome la mti linaloficha kaburi. Kwa taa ningeviona vyote mara moja na kuondoka.

Wageni wangapi tumewaona wakifika na kelele zao? Paa linawainamisha, nyasi zinameza hatua zao, wanaanza kunong'ona bila kuambiwa. Nani atanong'ona juu ya plastiki?

Jana fundi wa umeme alikuja. Nikakaa mlangoni hadi jioni, hakupita. Msimamizi kasema nikirudia, kazi sina. Naogopa, sikufichi, wanangu wanakula kwa kazi hii. Na wewe nakukumbuka kila nikitandika.

Pumzika, mwalimu wangu. Kesho fundi anarudi na ngazi. Nakuahidi atanikuta mlangoni, nyasi mbichi zimeshatandikwa. Akitaka kupita, avue viatu, ainame, akae chini, angoje kama nilivyongoja mimi. Akimaliza, aniambie taa ni ya nini.

Mwanafunzi wako,
Akello