Vijiko vya Mama Mkwe Vinakwenda Chemba

Baba Gladness,

Hapana, chuma si chuma tu. Umesema chuma ni chuma tu, ukaingia kuoga kabla sijakujibu, basi soma. Juzi ulitoa tairi la pikipiki kwa bisibisi. Ulianza na tundu moja la mwiba, ukamaliza na manne, kisha ukaisukuma toka Chamwino ukiwaambia watu unafanya mazoezi.

Leo nina chanjo za kuku za watu wa Chemba. Barafu kwenye chupa ya chai haitafika saa saba. Nikipata pancha njiani, sina muda wa mazoezi. Vyuma vyenyewe vya kutolea tairi ulimwazima rafiki yako Masudi, naye kasafiri navyo.

Nimefungasha viraka, gundi, msasa, pampu na spana ya gurudumu. Cha kubanulia tairi nimekipata kabatini: vile vijiko vikubwa viwili alivyotupa mama yako siku ya harusi. Mipini yake ni minene, haina ncha, haing'ati mpira wa ndani. Nimejaribu kwenye lile tairi bovu la uani, wewe ukiwa bado unaimba bafuni. Limetoka lenyewe.

Mama anakuja kula mchana. ~~Mpikie wali.~~ Songa ugali wa uwele, mlenda uko kwenye chungu. Huo hauhitaji kijiko. Akiuliza vilipo, mjibu wewe, mtoto wake. Mimi nimeshavifunga kwenye mkoba na pikipiki inanguruma nje.

Mama Gladness