Sentensi Niliyoiruka Wodini

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaharibikiwa kabisa, maana mtu wa kumweleza sina, mume wangu nikimwambia atamwambia mama yake, na mama mkwe akishajua basi mtaa mzima umejua. Mimi ni muuguzi katika wodi ya wanawake, na nakuandikia wewe kwa sababu nasikia ulifundisha sarufi ya Kiingereza miaka mingi kabla ya kushika safu hii, na shida yangu ilianzia kwenye sarufi, ingawa imeishia kaburini.

Wodini kwetu tunapokezana zamu kwa Kiingereza, tumesimama miguuni pa vitanda, na sista mkuu, ambaye tukiwa wenyewe tunamwita Sista Kamusi, ana sheria kwamba anayekosea anairudia sentensi mpaka inyooke, wenzake wakimtazama na wagonjwa wakisikiliza. Mimi kinachonishinda ni "I" na "me". Siku moja nilisema "Me and the doctor turned her", akanikatiza palepale, "Me? Me ndiye aliyemgeuza mgonjwa? Rudia!" nikarudia huku jasho linanitiririka, na tangu hapo wenzangu wakanibatiza Me-na-Daktari, "Me-na-Daktari, chai tayari, mlete na daktari wako!", nami nacheka nao lakini moyoni naungua. Nikaapa sitatamka "me" tena. Haukupita muda nikasema "The doctor called the cleaner and I", nikidhani safari hii nimepatia, Sista Kamusi akafumba macho kama anayeumwa jino, akasema, "Juzi uliitumia pasipo pake, leo unaikimbia penye pake. Rudia." Basi nikajitafutia njia yangu, sentensi yoyote yenye mimi na mtu mwingine ndani yake naiacha.

Asubuhi moja, namalizia zamu ya usiku, mafaili yalikuwa yameshafungwa, na kwetu jambo linaloingia baada ya hapo husemwa kwa mdomo wakati wa kupokezana, anayepokea ndiye anaandika. Nilikuwa nanyoosha shuka na mama wa usafi, akaja binti wa mgonjwa anahema, akatuambia sote wawili, "Jamani dada zangu, mama asichomwe penisilini, mara ya mwisho alivimba koo nusura afe." Nikamwambia asijali, nitawaeleza. Tulipofika kitandani pake sentensi ikanijia kichwani, kwamba binti amemwambia mama wa usafi na nani, "I" au "me", nikamtazama Sista Kamusi usoni, nikasema tu kwamba mgonjwa amelala vizuri, tukasogea kitanda kinachofuata. Nikajiambia nitamvuta pembeni mwenzangu anayepokea nimweleze kwa Kiswahili, lakini akaitwa upasuaji, nikamsubiri kidogo, usingizi ukanizidi, nikaenda nyumbani. Mchana wakamchoma ile sindano. Jioni alikuwa amekufa.

Sasa wodi inasema haikuambiwa kitu. Ndugu wamemgeukia yule binti, kaka yake alimwambia koridoni mbele yangu, "Kazi yako ilikuwa moja tu, kusema, na hiyo moja imekushinda!" Binti akanigeukia, "Dada, si nilikuambia wewe? Au nimechanganyikiwa?" Nikamjibu nina wagonjwa wengi, sikumbuki. Mama wa usafi alisikia yote mawili, onyo la binti na hilo jibu langu, na salamu yangu haitikii tena. Nilipomfuata chumba cha mafagio akasema, "Nakusubiri uanze wewe, mwanangu. Usinisubirishe sana." Nikisema nafukuzwa, pengine nafungwa, na nina watoto wadogo. Naomba uniambie, ilikuwa "I" au "me"? Na mwenye kosa ni mimi au ni sista?

Muuguzi wa wodi ya wanawake

JIBU

Muuguzi,

Ilikuwa "me". Anayetenda ni "I", anayetendewa ni "me", awe peke yake au na mwenzake. Ukisita, mwondoe mwenzako kwenye sentensi: "She told me." Hapo usingekosea hata kwa kulazimishwa, na ukimrudisha mama wa usafi hakuna kinachobadilika. Nimekujibu hilo mwanzo ili usiendelee kujificha nyuma yake.

Nimeishi kwa kusahihisha watu, na sioni haya kusema hivyo. Lakini sarufi hufundishwa darasani, si miguuni pa mgonjwa. Sista wenu amekosea, tena vibaya. Amewazoesha kuogopa sentensi kuliko sindano. Aitwe, ahojiwe, na mtindo wake ukomeshwe.

Ila usimtumie kama pazia. Ungeweza kuisema sentensi ile vibaya, ukachekwa, ukarudishwa mara kumi, na yule mama angekuwa hai. Kuiruka kulikuwa woga, na kwa hilo nakuonea huruma, maana najua mtu mzima anayeaibishwa kila siku anakuwaje. Koridoni je? Pale uliulizwa kwa Kiswahili ukajibu kwa Kiswahili, hakuna aliyekusahihisha. Binti aliyetimiza wajibu wake ulimwacha aamini kwamba amemuua mama yake. Kila siku unayokaa kimya unamfanyia hivyo tena.

Mweleze mume wako leo, na ya mama mkwe yatakuwa ya baadaye. Kesho mtafute mwakilishi wa chama chenu cha wauguzi, kisha ingia naye kwa mganga mkuu, ueleze kilichotokea bila kukipamba, pamoja na ile sheria ya kurudia. Huenda ukafukuzwa. Huenda yakaja mabaya zaidi. Sitakudanganya kwamba ukweli utakulinda.

Ukitoka hapo, usilale kabla hujafika kwa wale wafiwa. Mwombe mama wa usafi akusindikize. Usimwite binti pembeni. Alilaumiwa mbele za watu, asafishwe mbele za watu, na kaka yake awepo. Usianze kwa pole wala kwa machozi, watadhani umekuja kuhani msiba tu. Usimtaje sista. Wakikuzuia mlangoni, semea hapohapo mlangoni: "Alituambia. Mimi ndiye niliyenyamaza."

Kisha usijitetee. Simama uwasikilize, mpaka yeye binti ndiye akuambie uondoke.