Viza ya Mama Aoko

Mtaa wa Tena, 4 Machi 2024

Mwanangu Aoko,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, ila miguu inalalamika. Wewe je, na mzigo wako tumboni? Unapata usingizi?

Leo nimetoka kortini Makadara. Cheti chako cha kuzaliwa kinasema mama yako ni Aluoch. Kitambulisho changu kinasema Peres. Nimeapa kwamba hao wawili ni mimi. Nilikuzaa mara moja, kuthibitisha ndiko kusikoisha. Pasipoti ninayo sasa. Imebaki viza ya kuja huko ng'ambo. Nitafika kabla hujajifungua.

Mama yako,
Aluoch

20 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Hujambo? Wanasemaje hapo Tena? Sisi tuko sawa, presha tu ndiyo inapanda. Daktari anasema huenda nikapasuliwa. Aliuliza nani atanisaidia nyumbani, maana babake mtoto alishaondoka. Nikamwambia mama anakuja.

Ubalozi umesema nini?

Binti yako,
Aoko

Tena, 11 Mei 2024

Aoko mwanangu,

Naomba Mungu presha yako ishuke. Mimi sina ugonjwa, ni uchovu tu.

Wamenikatalia. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu. Aliniuliza, "Mama, nani anakungoja Kenya?" Nikamwambia baba yako Jackton alifariki, na mtoto ni wewe tu. Nilisema ukweli, na ukweli ndio ulioniangusha. Wameandika kwamba hakuna kitakachonirudisha. Kaburi la baba yako hawakulihesabu.

Jirani yangu Sahro, naye walishamnyima viza, alikuja tukanywa chai. Anasema niombe tena. Nitaomba, lakini mtoto hangoji makaratasi. Tafuta mtu huko, hata wa kanisani.

Mama yako

Tena, 30 Juni 2024

Aoko,

U mzima? Simu yako haishiki. Andika hata neno moja.

Mama

2 Septemba 2024

Mama,

Tunakusalimu sisi wawili. Nisamehe kwa kimya. Nilipasuliwa, kidonda kikaoza, na sikutaka ujue nalala peke yangu. Sasa nimepona. Ni msichana. Ana paji la uso la Baba.

Usipange foleni tena. Tutakuja sisi, Desemba. Kwa kuwa mtoto ana pasipoti ya huku, hata yeye anahitaji kibali kuingia Kenya. Nilimwombea. Waliuliza atafikia kwa nani, nikaandika kwa nyanyake, Tena.

Jibu limekuja. Yeye wamemruhusu.

Binti yako,
Aoko