Bokmål ya Mama Neema

Jumanne, 4 Juni
Baridi ya Iringa haina adabu. Mama Neema kaja toka Kilolo na vitenge viwili mabegani. Somo la salamu tena, kurudiarudia. Binti yake kaolewa Norwei, na mjukuu, Jonas, miaka mitano, hajui Kiswahili. Bibi anataka kuongea naye mwenyewe. Namfundisha Bokmål, Kinorwei cha kuandika, nilichosoma mwaka ule kanisa liliponipeleka Oslo. Anashika haraka. Nimejisifu hadi kwa mume wangu.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada tumempigia Jonas simu ya video, kwa simu yangu. Mama Neema kasalimia, safi kabisa. Jonas kajibu kwa lafudhi ya kijijini kwao, mbiombio. Mimi nimeambulia nusu. Bibi hakuambulia kitu, akabaki anatabasamu tu. Mtoto kauliza tena, kachoka, kaondoka.

Nilijua. Mama Neema alipokitaja kijiji cha akina Jonas siku ya kwanza, nilijua hawaongei kama kitabu changu. Nikanyamaza. Na leo ningeweza kumtafsiria hiyo nusu. Niliona aibu ajue mwalimu naye haelewi.

Alhamisi, 13 Juni
Kafunga daftari katikati ya somo. "Mwanangu, usijisumbue. Kichwa changu ndicho kibovu. Tunamchosha mtoto bure." Anasema tusimpigie tena.

Nikamwambia pole. Pole! Mwoga mkubwa mimi. Najichukia.

Jumamosi, 15 Juni
Nimeenda Kilolo. Nimemkuta anapepeta maharage. Nimesema yote kabla ya chai: kichwa chake kizima, Jonas anaongea vingine, mimi nilijua nikamficha. Nimelia.

Kaendelea kupepeta. Halafu: "Kwa hiyo mimi, yeye ananielewa?"

Ndiyo, mama. Kila neno.

Kaweka ungo chini. "Ehee! Kumbe ananielewa." Kacheka peke yake.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu.

Jumapili, 16 Juni
Tumepiga tena. Mama Neema kamsimulia Jonas habari za kuku wake, kwa maneno yale yale machache. Mtoto katulia. Alipouliza kitu nimetega sikio, nimemwomba arudie, nikatafsiri: jogoo anaitwa nani?

Jogoo hana jina. Bibi kajibu hapo hapo: Jonas.

Mtoto kacheka mpaka simu ikamponyoka. Kumbe kazi ilikuwa hii tu, kukaa katikati yao. Ningeifanya tangu mwanzo.