Jiko Lisilo na Pa Kuweka Sufuria

Tottenham, London
Jumapili, baada ya ibada

Kaka Festo,

Shikamoo. Hiyo nimeiandika kwa sababu Mama alinilea hivyo, leo hukuistahili. Hujambo? Wifi Rehema hajambo? Watoto wanaendelea na shule? Sisi huku ni wazima, ila baridi imetukaba. Boila inayopasha joto nyumba ninayopanga imekufa, na mwenye nyumba kila nikimpigia ananiambia next week, next week, mpaka nimeanza kulala na koti la kazini. Nakueleza hili mapema ili usije ukanijibu kwamba sisi wa Ulaya tumesahau baridi ya Njombe.

Ningeweza kupiga simu. Nimeandika kwa makusudi, maana kwenye simu wewe huwa unacheka, unasema "mdogo wangu bwana," halafu mtandao unakatika wenyewe. Karatasi haikatiki. Nimempa dada mmoja wa kanisani anayekuja huko likizo, akukabidhi mkononi.

Basi tuzungumze jiko. Uliniambia lile jiko la udongo alilojenga marehemu Baba limepasuka, linatoa moshi pande zote, na Mama anakohoa. Hapo hukudanganya. Ukasema umesikia Watanzania wa Woolwich, hapa London, wanajaza kontena la mizigo ya kuja huko, kwa hiyo nimtafutie Mama jiko la kuni la chuma, lenye mlango wa kioo, na picha ya jiko lenyewe ukanitumia. Ukaongeza, "Mama ameliona, ameridhika kabisa." Mimi mjinga nikafurahi. Niliwatangazia hata wenzangu kazini, kule kwenye nyumba ya wazee ninakohudumia, kwamba mama yangu anapata jiko la Kizungu.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda duka la majiko, upande wa Kilburn. Kaka, kuni huku zinauzwa kwenye mifuko ya plastiki, zimekaushwa kwa mashine, na mtu anazinunua amevaa viatu vyeupe. Mwenye duka ni Mhindi mzee anayeitwa Dilip, mzaliwa wa Mwanza. Aliponisikia nakurekodia ujumbe wa sauti, akageuka.

"Dada, Mtanzania wewe? Karibu, karibu. Jiko la nani?"

Nikamwambia la mama yangu, nikamwonyesha picha yako.

"Mama atapika nini hapa?"

"Kila kitu. Ugali, maharage, maji ya kuoga."

Akaniongoza mpaka penye jiko la aina hiyo, akapitisha kiganja juu yake. Juu limeviringwa kama kichwa cha mtu mwenye upara. "Hili halina pa kuweka sufuria, dada. Hili la kukaa na wageni. Unatazama moto, unakunywa chai iliyopikwa kwingine. Sorry, lakini nani amechagua?"

"Kaka yangu."

"Kaka yako anapika?"

Nilikutetea, Festo. Nilisema pengine umekosea picha. Mzee akataka kuona mahali jiko litakapokaa, ajue bomba la moshi litapita wapi. Nikakuandikia, ukajibu papo hapo, jambo usilolifanya hata nikiuliza hali ya Mama. Picha ikaja: kona safi, vigae vyeupe, na mguu wa kochi lenye kitambaa cha maua mekundu alichofuma wifi. Mama anapikia kwenye sakafu ya udongo. Na kochi hilo nalijua, nililikalia Krismasi niliyokuja. Dilip alinirudishia simu, akaenda kumhudumia mteja mwingine. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kwa hiyo ulitaka kupata jiko la sebuleni kwako kwa kutumia kikohozi cha Mama. Nina hasira na wewe, kaka, na sitaki kuifunika kwa maneno ya heshima.

Nilimpigia Mama nikiwa bado nje ya lile duka, mvua inaninyeshea. Nikamuuliza jiko jipya amelionaje.

"Jiko gani?" akasema, kisha akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka Shangazi Tamali akamshikia simu. Nikamsikia shangazi anamwambia anywe maji.

Aliporudi nikamweleza yote. Hakukulaani, usiogope. Alisema tu, "Festo anapenda vitu vizuri tangu mdogo." Mimi ningekulaani.

Halafu nikamwambia kile ambacho wewe na mimi tumekisema miaka yote. Nikasema, Mama, najua jiko la bomba wewe hulitaki, kwa sababu mbegu zako za mahindi zinaning'inia darini juu ya moto, na moshi ndio unaozuia dumuzi wasizitoboe. Unakumbuka tulivyokuwa tunamjibu kila aliyetushauri? Mama hataki, bwana, mbegu zake. Tukishasema hivyo tunatoka nje kuota jua, yeye anabaki humo ndani anatupikia.

Mama alikohoa tena, akanywa maji.

"Nani aliniuliza?" akasema. "Mbegu naweza kuzitia majivu nikazifungia kwenye debe. Mama yangu alifanya hivyo. Kifua changu nitakitia nini?"

Isome tena hiyo, Festo. Mimi nimekuwa nayo kichwani wiki nzima, nawalisha uji wazee wa watu huku machozi yananitoka, na wao wananiuliza kama nimepata mafua.

Sasa sikiliza, na sikuombi ruhusa. Kontena la Woolwich limeondoka bila jiko lako. Nimezungumza na fundi Zakaria, yule aliyejenga majiko ya pale shule ya sekondari. Atamjengea Mama jiko la matofali lenye nafasi mbili za sufuria, la kimo chake ili asiiname, na bomba litakalotoka juu ya bati. Mama mwenyewe ndiye aliyemweleza anachotaka. Ametaka pia kibaraza pembeni, akikaa mgongo upate joto. Kioo hakuna. Ukitokea pale na maoni yako, Zakaria ameshaambiwa akupe koleo uchanganye udongo.

Wewe kazi yako ni moja. Kabla fundi hajaanza, panda darini umteremshie Mama mbegu zake, kwa sababu ngazi haiwezi tena. Zishushe taratibu, na usichanganye nyeupe na za njano. Ukimaliza usikimbilie nyumbani kwako. Mwambie akupikie ugali kwenye hilo jiko bovu, ukae naye humo jikoni, mlango umefungwa kama anavyoufunga kwa ajili ya baridi. Usitoke hata kama macho yanakuwasha. Kaa mpaka ugali uive. Ulitaka kutazama moto, utautazama.

Nisalimie wifi Rehema, mwambie sina neno naye na kitambaa chake ni kizuri. Nisalimie Shangazi Tamali, Mungu ambariki kwa kumshikia Mama simu na kikombe cha maji. Baba mdogo katekista mwambie boila yangu iombewe, maana kwa mwenye nyumba nimekata tamaa. Mama usimpelekee salamu zangu, nampigia mwenyewe kila jioni sasa, na namuuliza.

Salamu zako wewe nimezizuia. Zitakuja siku Mama atakaponiambia kwamba ulikaa mpaka ugali ukaiva.

Mdogo wako,
Eliza